Bima ya kijibwa: uliza habari za kupe kwanza
Ukipata kijibwa hapa Mombasa na unataka kumkatia bima, usianze na bei. Anza na kupe. Joto na unyevu wa pwani yetu vinawafaa mno, na homa wanayoambukiza si mchezo. Wangu nilimkagua tuliporudi kutoka Nyali: kupe watatu ndani ya sikio moja, wadogo kama ufuta. Basi muulize wakala: homa ya kupe imo? Na parvo, ule ugonjwa wa virusi unaowatapisha na kuwaharisha vijibwa, je? Akikwambia "yote yamo", mwambie akuonyeshe mstari wenyewe kwenye mkataba. Kuna bima za kifo na wizi tu, matibabu hamna.

Uliza pia siku za kungoja, yaani muda baada ya kukata bima kabla haijaanza kulipa. Akiugua kabla hazijaisha, kwa kawaida hulipwi, na ugonjwa huo unaweza kuhesabiwa kuwa alikuja nao. Ndiyo maana ukate mapema, angali mzima.

Chanjo mara nyingi ni mfuko wako. Ya parvo huanza wiki ya 6 hadi 8, ikarudiwa mpaka wiki ya 16 hivi. Kadi yake ipige picha. Kijibwa akiikuta sakafuni ataitafuna.