Namna ya Kumkaribisha Mtumiaji Mpya wa Programu hadi Akubali Kulipia

Programu nyingi za simu humpokea mgeni kwa kurasa kadhaa za kujisifu, kisha humtaka nenosiri na malipo kabla hajaonja chochote, jambo ambalo halitofautiani na kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Duolingo, programu ya kujifunza lugha inayofundisha Kiswahili tangu mwaka 2017, imejulikana kwa njia nyingine: humuuliza mtu anataka lugha gani, kwa nini, na kwa dakika ngapi kila siku, humpa somo la kwanza, na baada ya hapo ndipo humwomba afungue akaunti.

Tuseme unatengeneza programu ya hesabu za duka. Uliza mambo matatu tu: mwenye duka anauza nini, kama anakopesha, na kama ana msaidizi. Kila swali lipime kwa kujiuliza jibu lake litabadilisha nini katika ukurasa unaofuata. Lisilobadilisha kitu lifute, hata kama wenzako wa idara ya masoko wanalipenda, kwa kuwa sheria za taarifa binafsi za Kenya (2019) na Tanzania (2022) nazo zinataka ukusanye zile tu zinazohitajika. Anayekopesha afunguliwe daftari la madeni papo hapo, aandike deni la kwanza na kumkumbusha mdaiwa wake.

Kutaja bei ndiko kunakohitaji subira. Ngoja hadi mtumiaji agonge ukomo wa huduma ya bure katika kazi aliyoitaja mwenyewe, kisha mwambie kwa lugha ya kazi hiyo: “Umeshaandika wadaiwa 20. Ukilipia, utaandika wote na kuwakumbusha kwa pamoja.” Asiyekopesha hana haja ya kuuona ujumbe huo, mwenye msaidizi aelezwe jinsi ya kufuatilia mauzo akiwa mbali. Ruhusu malipo ya wiki kwa M-Pesa na huduma nyingine za simu, kwa sababu wenye maduka wengi hawana kadi ya benki. Kitufe cha “Baadaye” kisifichwe (binafsi hufuta programu inayokificha), na ukimpa mtumiaji majaribio ya bure ya huduma ya kulipia, mkumbushe siku mbili kabla hayajaisha.

Mwisho, wagawe watumiaji kwa majibu yao na uhesabu wanaoendelea kulipa hadi mwezi wao wa tatu, si walioanza majaribio tu.