Namna ya Kumsaidia Kijana Mkimbizi kwa Wema Mdogo Unaofaa

Kijana anayeishi ukimbizini mara nyingi hakosi watu wa kumhurumia. Anachokosa ni mtu wa kumfafanulia barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoimudu, mtu wa kutia saini kwenye fomu inayodai mdhamini, au mtu atakayefika Jumamosi saa ile ile aliyoahidi. Mwongozo huu unamhusu mtu wa kawaida, asiye mwajiriwa wa shirika wala mwenye fedha nyingi, ambaye angependa kusaidia bila kuleta madhara. Msimamo wake ni kwamba wema mdogo hufaa pale unapoondoa kikwazo kimoja kinachojulikana, tena kwa namna ambayo kijana mwenyewe ameiridhia.

Kumfahamu kabla ya kumsaidia

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake na ambaye hawezi, au hataki, kurudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kuwa kwake katika kundi fulani la jamii, au maoni yake ya kisiasa. Awali mkataba huo uliwahusu watu waliokimbia kutokana na matukio ya kabla ya mwaka 1951, na Itifaki ya mwaka 1967 ndiyo iliyoondoa mpaka huo. Mwomba hifadhi ni yule ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Tofauti hii si ya wanasheria peke yao, kwa kuwa katika nchi nyingi ndiyo inayoamua kama kijana anaruhusiwa kufanya kazi, kusafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine, au kuomba mkopo wa masomo. Huna haja ya kumhoji kuhusu hadhi yake. Inatosha usimpangie mambo ambayo huenda sheria haimruhusu kuyafanya.

Wapo pia vijana waliozaliwa ukimbizini na ambao hawajawahi kuiona nchi ambayo watu huiita kwao. Kijana wa namna hiyo akiulizwa atarudi lini nyumbani, swali lenyewe linamweleza kwamba hapa alipokulia hahesabiwi. Vivyo hivyo, usimwulize yaliyomkuta njiani. Aliyeomba hifadhi amekwisha kuyasimulia mbele ya maofisa, pengine zaidi ya mara moja, huku akijua kwamba uamuzi juu ya maisha yake unategemea masimulizi hayo. Hana deni la kukusimulia wewe. Akitaka kusema, atasema kwa wakati wake. Anza na jina lake: uliza linavyotamkwa, jizoeze mpaka ulipate, wala usimpachike jina fupi kwa kuwa la kwake limekushinda. Kisha uliza ya leo, kwa mfano: “Wiki hii kuna jambo gani ambalo lingekuwa jepesi kama mngekuwa wawili?” Jibu la swali hilo ndiyo kazi yako ya kwanza, na mara nyingi halitakuwa lile ulilolitarajia.

Karatasi

Ningelazimika kuchagua aina moja tu ya msaada, ningechagua huu wa karatasi, ingawa hauna mvuto wala hauleti picha nzuri. Maisha ya mkimbizi yamefungwa katika hati, na kosa dogo katika hati moja linaweza kumchelewesha kijana muhula mzima. Keti naye, mpitie barua alizopokea, na mwandike kwenye karatasi moja tarehe zote za mwisho pamoja na kile kinachotakiwa kila tarehe. Msaidie kupata nakala za kila hati, moja ikae mahali pakavu na nyingine ihifadhiwe kwa njia ya kielektroniki katika akaunti ambayo yeye mwenyewe ndiye mwenye neno la siri. Usibaki na hati zake za asili hata kwa siku moja, hata akikuomba umtunzie.

Linganisheni tahajia ya jina katika hati zote. Majina yaliyoandikwa na makarani wa nchi mbili au tatu, kutoka kwenye hati za maandishi tofauti, hutofautiana herufi, na wakati mwingine jina la baba limegeuka kuwa la ukoo. Jambo jingine la kuangalia ni tarehe ya kuzaliwa: wakimbizi wengi wameandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuwapo na ni mwaka tu ulioweza kukadiriwa. Ukiona tofauti, usimshauri abadilishe lolote kwa mkono wake katika fomu mpya ili mambo yalingane. Mabadiliko ya namna hiyo husomeka kama udanganyifu. Mpeleke kwa msaada wa kisheria, na ikiwezekana mngojee mlangoni, maana kungoja naye ni sehemu ya msaada.

Lipo kosa moja ambalo watu wema hulifanya kwa nia safi kabisa, nalo ni kumwambia kijana aende ubalozi wa nchi yake kuomba cheti kilichopotea. Kwa mtu aliyeikimbia serikali yake, safari hiyo inaweza kuwahatarisha ndugu waliobaki, na pia inaweza kutumiwa kama dalili kwamba haogopi kurudi. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa 1951 kinaitaka nchi iliyompokea mkimbizi imsaidie kupata hati ambazo kwa kawaida angezipata kwa mamlaka za nchi yake, kwa hiyo njia ya kuanzia ni kwa mamlaka za nchi anamoishi sasa au kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Kwa vyeti vya shule vilivyopotea au visivyotambulika, fahamu kwamba UNESCO ina utaratibu wa pasipoti ya sifa za kielimu, ambamo elimu ya mkimbizi hupimwa kwa kuangalia hati zilizopo pamoja na mahojiano.

Kama kijana amepotezana na ndugu zake, usianze kutangaza majina yao mitandaoni. Harakati ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ina huduma ya kuwatafuta watu waliotenganishwa na vita au majanga, na haitozi malipo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua ofisi ya kazi ya namna hii mjini Basel mwaka 1870, wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia. Msindikize tu hadi ofisi iliyo karibu.

Lugha, na mzigo wa ukalimani

Saa moja ya mazungumzo kila wiki, siku ile ile na mahali pale pale, humjenga kijana kuliko kamusi nene aliyopewa kama zawadi. Zungumzeni mambo anayokutana nayo: namna ya kumpigia simu mwajiri, namna ya kumwambia mwalimu kwamba hakuelewa, namna ya kukataa kwa adabu. Msahihishe kosa moja au mawili kwa kikao, mengine yaache yapite, kwani anayesahihishwa kila neno hujifunza kunyamaza.

Kuna jambo ambalo wageni wengi wa shughuli hii hawalioni. Vijana hujifunza lugha mpya upesi kuliko wazazi wao, na kwa sababu hiyo hugeuka kuwa wakalimani wa nyumba nzima. Msichana wa miaka 14 anakosa hesabu ili amfasirie mama yake hospitalini, na huko huenda yeye ndiye atakayemtamkia mama yake jina la ugonjwa. Ukisikia kwamba kijana hayuko shuleni kwa sababu ya miadi ya mzazi, msaada bora ni kuuliza mapema kama hospitali au ofisi husika ina mkalimani mtu mzima, kisha kuisaidia familia kumwomba. Ikishindikana, ombeni miadi isogezwe hadi baada ya masomo. Simu moja ya dakika 10 inaweza kumrudishia siku ya shule.

Shule na kazi

Kifungu cha 22 cha Mkataba huo huo kinataka mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na raia, na katika ngazi za juu atendewe vizuri kadiri iwezekanavyo, ikiwemo kutambuliwa kwa vyeti vyake na kupunguziwa ada. Maandishi hayo mazuri hayamfungulii mtu mlango wa ofisi ya mwandikishaji. Nenda naye siku ya kuandikishwa, ukae pembeni, umwache aseme mwenyewe, uingilie tu akikutazama. Kama nyumbani kwao hakuna utulivu wala mwanga, mtafutie meza: maktaba, darasa lililo wazi jioni, chumba cha nyumba ya ibada.

Zipo nafasi za masomo zilizowekwa kwa ajili ya wakimbizi. Mpango wa DAFI, unaofadhiliwa na serikali ya Ujerumani na kuendeshwa na UNHCR, ulianza mwaka 1992 na husomesha shahada ya kwanza katika nchi ambamo wakimbizi wamepokelewa. Nchini Kanada, mpango wa shirika la WUSC uliopokea wanafunzi wakimbizi tangu mwaka 1978 huendeshwa na wanafunzi wenzao vyuoni. Kazi yako ni kumsaidia kusoma masharti kwa makini na kupitia insha yake. Usimwandikie insha. Mwulize maswali mpaka aandike sentensi ambayo hakuna mwingine angeiandika. Umwonye pia juu ya matapeli, kwa sababu hawa hufika mapema kuliko wafadhili: huduma za UNHCR hutolewa bure, ikiwemo kuhamishiwa nchi ya tatu, na yeyote anayedai malipo ili kumweka mtu kwenye orodha anaiba.

Katika kutafuta kazi, kijana raia hubebwa na shangazi, jirani au mwalimu wa zamani. Mkimbizi huwa amewaacha wote hao mbali. Ukiwa umemfahamu kwa miezi kadhaa, mwandikie barua ya kumtambulisha. Taja umemjua kwa muda gani, kwa shughuli ipi, na ulimwona akifanya nini hasa. Usimpambe. Barua isemayo kwamba alifika kwa wakati kwa wiki 20 mfululizo ina uzito kuliko ile inayomwita mwenye bidii na uaminifu. Na kama wewe ndiwe mwajiri, hakikisha kwanza kwamba sheria inamruhusu, kisha mlipe sawa na mwingine yeyote. Kumpa kazi kwa ujira wa chini kwa kuwa hana pa kulalamika si wema.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumsuta mgeni, lakini ina upande mwingine unaofaa hapa: kijana anayepokea tu, mwezi hadi mwezi, huchoka kupokea. Mpe nafasi ya kutoa. Akufundishe salamu za lugha yake, awafundishe wadogo hesabu, awe mwamuzi wa mchezo. Mwaka 2016, wanamichezo 10 waliunda timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, mjini Rio de Janeiro, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa asili ya Sudan Kusini waliowahi kuishi katika kambi ya Kakuma nchini Kenya. Nyuma ya timu kama hiyo kuna watu wengi wasiotajwa, waliochukua muda na kuhesabu mizunguko.

Anaponyamaza

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa, pamoja na washirika wake, mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unaojengwa juu ya mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Si lazima uwe mtabibu ili kuyafanya. Angalia kama kijana amekula, amelala, yuko salama. Sikiliza bila kumsukuma. Muunganishe na mwenye ujuzi. Ukimsikia akisema hana haja ya kuendelea kuishi, usiahidi kutunza siri hiyo. Mweleze wazi kwamba utamtafutia msaada siku hiyo hiyo, na ufanye hivyo mkiwa pamoja.

Tahadhari za kumlinda ni chache lakini hazina mjadala. Kama hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi wake ajue mnakutana wapi na kwa lengo gani, na mkutane mahali wazi penye watu wengine, hasa akiwa kijana aliyefika peke yake bila ndugu. Picha yake usiiweke mtandaoni, hata ile ya furaha siku ya mahafali, kwa maana anayemtafuta kwa ubaya hahitaji zaidi ya uso na jina la mji. Zawadi zipitie kwa familia, na mkopo wa fedha uuepuke, kwa sababu mwenye deni hukwepa njia unayopita.

Siku ya kuondoka

Maisha ya kijana huyu yamejaa watu waliotoweka bila kuaga: marafiki waliohamishiwa nchi nyingine, watumishi wa mashirika waliomaliza mikataba, walimu wa kujitolea waliokuja kwa miezi mitatu. Kwa hiyo ahidi kidogo. Ni afadhali saa moja kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima kuliko siku nne mfululizo kisha ukimya. Ukijua utasafiri au utaacha, mwambie angalau mwezi mmoja kabla, umtajie tarehe ya kikao cha mwisho, na umtambulishe mtu atakayeshika nafasi yako kwa kumleta mkaketi watatu pamoja, si kwa kumtumia namba ya simu. Katika kikao hicho mpitie tena ile karatasi ya tarehe, mhakikishe kila hati iko mikononi mwake, kisha mrithi wako na yeye wapange wenyewe saa ya kukutana tena.