Kepu haifuniki masikio
Wewe unayeshinda juani, uwe fundi wa paa, mvuvi au mkulima, hebu tazama kofia yako. Kepu hukinga paji la uso tu. Masikio na kisogo vinabaki vikiungua, na huko ndiko saratani ya ngozi hupenda kuanzia. Vaa pama, yaani kofia yenye ukingo mpana pande zote, na shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito kidogo. Linyanyue kwenye mwanga: ukiona ng'ambo kirahisi, jua nalo linapita. Mawingu yasikudanganye, miale hupenya. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Kazi za ndani zipange saa hizo.

Losheni ya kukinga jua (SPF, yaani kipimo cha nguvu yake ya kukinga, iwe 30 kwenda juu) ni ya sehemu zilizobaki wazi, mdomo wa chini ukiwemo. Pakaa upya kila saa 2, maana jasho huiondoa.

Kidonda kisichopona kwa wiki 4, au gamba linalobanduka, linatoa damu kisha linarudi palepale, kionyeshe kwa daktari hata kama hakiumi. Mara nyingi hakiumi. Mwenye ualbino asisubiri hata hizo wiki.