Kuepusha Mikwaruzo na Vumbi kwenye Filamu za Inchi 4 kwa 5

Anayepiga picha kwa filamu za vipande vya inchi 4 kwa 5 ajifunze kwanza kusoma doa. Vumbi lililotua kwenye filamu kabla ya picha kupigwa huzuia mwanga, hivyo mahali hapo hubaki angavu kwenye negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, na hutoka doa jeusi kwenye karatasi. Vumbi lililotua juu ya negativu wakati wa kuchapa hutoa doa jeupe. Doa jeupe huzibwa kwa brashi nyembamba na rangi ya kijivu. Doa jeusi hukwanguliwa kwa wembe au kufubazwa kwa dawa, na mara nyingi karatasi huharibika. Ndiyo maana makasha ya filamu, yanayobeba vipande hadi ndani ya kamera, yanastahili uangalifu mkubwa kuliko hatua nyingine yoyote.

Kabla ya kupakia filamu, zima feni mapema ili vumbi litulie, pangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha chomoa kibao cha kila kasha, kile kinachokinga filamu dhidi ya mwanga, na ufyonze vumbi la ndani, hasa kwenye mifereji ambamo kibao hupita. Usisugue kibao kwa kitambaa kikavu, wala usikichomoe kwa nguvu wakati wa kupiga picha, kwa kuwa msuguano huzalisha umeme tuli unaovuta vumbi. Kasha lililopakiwa likae ndani ya mfuko safi wa plastiki hadi litakapohitajika. Gizani, shika kipande wima: vijipengo vya ukingoni vikiwa kona ya juu kulia, upande wenye dawa, yaani utando wa jelatini unaonasa picha, unakutazama.

Mikwaruzo mingi hutokea kwenye trei za kusafishia filamu, kwa sababu jelatini iliyonyonya maji huvimba na kulainika, na kona ya kipande kimoja inatosha kuchora mstari juu ya kingine. Joto huzidisha ulaini huo. Dawa nyingi hupimiwa nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa huwa na joto zaidi. Weka trei ndani ya beseni kubwa lenye maji na chupa za barafu, na maji ya kusuuzia nayo yasipishane sana na joto la dawa.

Kata kucha. Tumbukiza vipande kwenye maji matupu kimoja kimoja, upande wenye dawa ukiwa juu, na usubiri kila kimoja kilowe kabla ya kuweka kinachofuata, kwani kikavu kikigusa chenye unyevu hunatana. Kwenye dawa ya kusafishia, chomoa kipande cha chini taratibu, kilaze bapa juu ya vingine bila kutanguliza kona, kisha ukididimize kwa nyama ya vidole. Asiyezoea asafishe vipande viwili au vitatu tu kwa mara moja. Haraka haina faida hapa.

Baada ya kusuuza, chovya filamu kwenye Photo-Flo, dawa inayosaidia maji kutiririka bila kuacha madoa, iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji 200 yaliyokenekwa, kisha itundike kwa kona moja bila kuipangusa kwa sponji wala vidole. Bafu ambalo limejazwa mvuke wa maji ya moto muda mfupi kabla linafaa sana, kwa kuwa mvuke huangusha vumbi.

Wakati wa kuchapa, kishikio cha negativu chenye vioo viwili huongeza nyuso 4 juu ya zile 2 za negativu, na zote hukusanya vumbi. Kisicho na vioo kina nafuu hiyo, ila joto la taa laweza kuibetua filamu. Mulika tochi kwa mshazari, upulize kwa kipulizio cha mpira, wala si kwa mdomo, maana mate ni balaa kuliko vumbi. Mkwaruzo mwembamba wa mgongoni mwa filamu hutoka mstari mweupe, na mafuta kidogo ya ubavuni mwa pua, yakipakwa kwa kidole, huuficha vizuri ajabu. Yafutwe baada ya kuchapa. Ule uliobandua dawa yenyewe hutoka mweusi, na mafuta hayausaidii.