Nyumba ya kuchimbia kilimani: panga mwanga na maji kabla ya kushika sururu

Mita chache chini ya uso, ardhi hubaki karibu na wastani wa joto la mwaka mzima. Kwa Dodoma wastani huo ni nyuzi 22 au 23, kwa hiyo jua kali la Novemba na baridi ya usiku wa Julai vyote vinabaki nje. Wairaqw wa Mbulu walikuwa wakichimbia nyumba ubavuni mwa milima, paa la udongo likilingana na mteremko hata mvamizi asizione kwa mbali. Leo tunataka utulivu ule ule wa joto, ila mtu aweze kusoma mchana bila kuwasha taa. Ugumu uko hapa: kila tundu unalotoboa kuleta mwanga ni njia ya maji pia. Chora vyote viwili kwenye karatasi moja.

Kiwanja

Tafuta mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 3. Kwa nyumba ya mita 12 kwa 6, zile 6 zikiingia kilimani, mkato wa nyuma utakuwa na kina cha mita 2, na utatoa udongo kama mita za ujazo 72. Paa litachukua 22 kati ya hizo. Unaobaki utafukia nyuma na pembeni, na mwingine unaweza kufyatuliwa matofali ya kufungamana ya kuta za ndani.

Mwishoni mwa msimu wa mvua, chimba shimo la majaribio lishuke mita 1 chini ya sakafu unayoikusudia, uliache siku kadhaa. Likikusanya maji, hama. Hama pia ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi, kwa sababu ukilowa huvimba na kusukuma ukuta. Pwani tusidanganyane: maji ya ardhini yako karibu, na hewa yenye unyevu hutoa jasho ikigusa ukuta wa baridi, kisha ukungu unafuata. Kule jenga juu ya ardhi.

Mwanga

Uso wa nyumba uelekee kaskazini au kusini. Jua la magharibi hushuka chini sana wakati wa alasiri, hakuna upenu wa kawaida utakaolizuia. Dodoma, jua la adhuhuri mwezi Juni husimama upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho, na Desemba upande wa kusini kwa nyuzi 73. Kwa hiyo dirisha la kimo cha mita 1.5 linahitaji upenu wa sentimita 87 likitazama kaskazini, na 46 tu likitazama kusini. Nyanda za baridi kama Mbulu, tazama kaskazini na ufupishe upenu, jua la Juni na Julai liingie makusudi.

Mwanga wa dirisha hufika ndani mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu uliopo kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa dirisha. Ukingo ukiwa mita 2.4, chumba cha kina cha mita 4.5 kitaangaza hadi mwisho. Ile mita 1.5 inayobaki nyuma iwe ya stoo, bafu na korido. Eneo la vioo lisipungue asilimia 15 ya eneo la sakafu, na kuta na dari zipakwe chokaa nyeupe. Rangi ya krimu iliyokolea hula mwanga kuliko watu wanavyodhani.

Kosa linalorudiwa sana ni kulaza kioo juu ya paa. Mapema Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri la Dodoma hupita utosini. Kioo cha mita moja ya mraba kilicholala hupokea karibu wati 1,000, kama hita ndogo iliyowashwa katikati ya chumba. Badala yake inua kisanduku cha zege juu ya slabu, yaani bamba la zege linalobeba udongo wa paa, uweke kioo cha kusimama cha sentimita 60 kwa 120 kitazame kusini, na ukuta wa ndani unaokikabili uupake nyeupe ili uteremshe mwanga. Kingo za kisanduku zimwagwe pamoja na slabu, zipande angalau sentimita 30 juu ya udongo wa paa. Ukizijenga baadaye kwa tofali, maji yataingia kwenye maungio.

Uzito na maji

Sentimita 30 za udongo uliolowa ni kilo 600 kwa kila mita ya mraba. Slabu ya sentimita 20 inaongeza 480. Hiyo ni zaidi ya tani moja kwa mita ya mraba, kwa hiyo nondo zipangwe na mhandisi aliyesajiliwa, si kwa makadirio ya fundi.

Ukuta wa nyuma ukifukiwa hadi mita 2.5, udongo mkavu husukuma kila mita ya urefu wake kwa karibu tani 3. Udongo huo ukijaa maji, msukumo hukaribia tani 5. Ndiyo maana tunaanza na mifereji. Juu ya kilima, mita chache kutoka ukingo wa paa, chimba mfereji unaokinga maji ya mteremko na kuyapeleka pembeni. Nyuma ya ukuta, chini ya usawa wa sakafu, laza bomba la matundu la milimita 100 lenye mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita, lizungushie kokoto upana wa sentimita 30, kisha kitambaa cha kuchuja tope. Mdomo wa bomba utokee mahali unapoweza kuuona.

Nje ya ukuta na juu ya slabu bandika kwa moto karatasi za lami za milimita 4, zipishane sentimita 10. Slabu iwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa mita. Kabla ya kurudisha udongo, zuia kingo kwa tope, mwaga maji yafunike paa lote, yakae siku mbili, na uingie ndani kukagua dari. Kurekebisha sasa ni kazi ya nusu siku. Baada ya udongo kupanda ni kuchimba upya.

Usifukie ukuta kabla slabu haijakamilisha siku 28, kwa kuwa slabu ndiyo inayoushika ukuta kwa juu. Fukia kwa matabaka ya sentimita 20, ukishindilia pande zote kwa usawa.

Hewa

Weka matundu ya chini upande wa mbele na bomba la kutolea hewa nyuma, lipande mita 1.5 juu ya paa, lipakwe nyeusi ili lipate joto na kuvuta. Kila chumba cha nyuma kiunganishwe nalo. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata siku moja: sumu yake haina harufu na inaua. Chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofunguka ambalo mtu mzima anaweza kupita, likiwa mbali na mlango mkuu.

Juu ya paa panda nyasi za kutambaa. Miti yenye mizizi mirefu, kama mwarobaini na mkaratusi, ikae mbali kabisa, maana mzizi hufuata unyevu hadi kwenye lami. Kila mwaka kabla ya mvua za Desemba safisha mfereji wa juu, kisha mwaga ndoo kadhaa kwenye kokoto za nyuma ya ukuta na uangalie kama maji yanatoka kwenye mdomo wa bomba.