Namna ya Kujiunga na Kikundi cha Kuigiza Uwindaji wa Kale Uganda
Kabla hujalipa ada, muulize kiongozi wa kikundi kama maonyesho yao hufanyika bila kumdhuru mnyama yeyote, kwa kuwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, na kusema kwamba mlikuwa mkiigiza tu hakutakusaidia mbele ya askari wa hifadhi. Vazi linalofaa ni nguo ya gome la mti wa mutuba, lililopondwa kwa nyundo ya mbao yenye mifereji. Kitambaa cha dukani, kwa maoni yangu, huharibu onyesho. Omba kuanzia kwa wasakaji, wanaopiga kelele wakifuata mbwa wenye njuga shingoni kuelekea kwenye nyavu zilizotegwa nusu duara. Nafasi ya kushika mkuki isubiri mpaka wewe mwenyewe uweze kusimama kimya nyuma ya wavu.