Uchaguzi wa madiwani wa wilaya England: haki ya mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki

Karatasi za wagombea zinapoanza kudondoshwa mlangoni mwezi wa Machi na Aprili, ndugu zetu wengi huziokota na kuzitupa bila kuzisoma, wakiamini kwamba uchaguzi wa halmashauri ni jambo la wenyeji na kwamba mgeni hana sehemu ndani yake. Imani hiyo si sahihi, na inatugharimu. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi England kwa kibali halali anaweza kumchagua diwani wa wilaya yake kwa uraia uleule aliokuja nao, pasipo kungoja pasipoti ya Uingereza.

Haki hii inatokana na Jumuiya ya Madola. Raia wa nchi mwanachama aliyetimiza umri wa miaka 18, mwenye anwani England, na aliye na kibali chochote cha kuingia au kukaa, anastahili kuandikishwa. Sheria haitofautishi kibali cha mwanafunzi na cha muuguzi, wala cha mhudumu wa wazee na cha mwenzi wa ndoa. Sharti la kutotumia fedha za umma lililoandikwa kwenye vibali vingi halizuii kura, kwa kuwa kura si msaada wa serikali. Rwanda imo katika Jumuiya tangu mwaka 2009, hivyo raia wake wanahesabika pamoja nasi. Burundi, Kongo, Somalia na Oman hazimo, na raia wa nchi hizo hulazimika kungoja hadi wapate uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine inayotambuliwa.

Kwa Watanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na wapo walioishi hapa miaka mingi bila kuomba uraia kwa sababu hawako tayari kuupoteza wa kwao. Kura ya diwani haiwadai waukane. Hakuna kiapo wala pasipoti ya kukabidhi, na haki hiyo unapewa kwa kuwa wewe ni raia wa Tanzania unayeishi hapa kwa kibali.

Kuna onyo ambalo ni lazima lisomwe kwa makini. Aliyeomba hifadhi na bado anangoja uamuzi, au ambaye kibali chake kimekwisha bila ombi jipya kuwasilishwa kwa wakati, asijiandikishe kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji. Kutoa taarifa za uongo katika maombi ya kuandikishwa ni kosa la jinai, na doa hilo linaweza kumfuata mtu katika kila ombi atakaloandika baadaye.

Sasa tuangalie kinachochaguliwa, maana jina la halmashauri ya wilaya linaweza kumpotosha aliyezoea mfumo wa nyumbani. Katika sehemu nyingi za England kuna ngazi mbili: kaunti, inayosimamia shule, barabara na huduma kwa wazee na walemavu, na wilaya, inayozoa taka, kugawa nyumba za umma, kupokea wasio na makazi, kutoa vibali vya ujenzi na kutuma ankara za kodi ya halmashauri. Wilaya ndiyo inayotoa leseni za madereva wa teksi, kazi ambayo wengi wetu tunaifanya. Wilaya pia ndiyo inayomsajili mama anayepika sambusa na pilau jikoni kwake kwa ajili ya kuuza, usajili ambao ni wa bure na unaopaswa kufanywa siku 28 kabla ya biashara kuanza. Mkaguzi atakayekuja kutazama jokofu lake ni mtumishi wa wilaya. Katika miji kama Luton na Milton Keynes, halmashauri moja hufanya kazi zote hizo, na London ina halmashauri za mitaa yake. Hata hivyo masharti ya mpiga kura ni yaleyale kote England. Scotland na Wales zina sheria zao, nami sizizungumzii hapa.

Madiwani huchaguliwa kwa muhula wa miaka minne, lakini si kila wilaya huwachagua wote kwa pamoja. Oxford, kwa mfano, ina madiwani 48, wawili kwa kila kata, na nusu yao huingia uchaguzini kila baada ya miaka miwili. Kwingine theluthi moja huchaguliwa kwa zamu. Zaidi ya hayo, Desemba 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuziunganisha kaunti na wilaya zake kuwa halmashauri za ngazi moja, na baadhi ya chaguzi zimeahirishwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usitegemee kalenda ya jirani anayeishi wilaya nyingine. Fungua tovuti ya halmashauri yako uone kama kata yako ina uchaguzi mwaka huu. Siku yenyewe kwa kawaida ni Alhamisi ya kwanza ya Mei.

Kujiandikisha hufanywa kwa njia ya mtandao katika tovuti ya serikali, au kwa fomu ya karatasi. Kila mtu hujiandikisha mwenyewe, na baba mwenye nyumba hawezi kuwaandikisha wote kwa niaba yao kama ilivyokuwa zamani. Utaulizwa uraia wako, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya bima ya taifa ukiwa nayo. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, saa sita usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, na kwa kuwa Pasaka mara nyingi huangukia karibu, ni busara kujiandikisha mapema. Ukihama nyumba, jiandikishe upya. Mwanafunzi mwenye makazi mawili katika halmashauri mbili tofauti anaweza kuandikishwa na kupiga kura ya madiwani kote kuwili, jambo ambalo wachache wanalijua.

Hapa kwenye majina ndipo ninapowaomba ndugu zangu wawe waangalifu zaidi. Sisi hubeba majina matatu, na mara nyingi huyaandika kwa mpangilio mmoja benki na mwingine kazini. Jiandikishe kwa majina yaliyomo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho, kwa mpangilio uleule. Tangu Mei 2023 hakuna anayepewa karatasi ya kura kituoni England bila kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa. Inakubaliwa hata ikiwa imekwisha muda wake, mradi sura iliyomo bado ni yako. Kadi ya BRP (kadi ya kibali cha ukaazi) iliyokwisha muda nayo inafaa kwa sharti hilohilo. Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania haifai, na picha ya pasipoti iliyo kwenye simu haifai kabisa: nimemwona kijana mmoja, bado amevaa sare ya kazi ya usiku, akirudishwa mlangoni kwa sababu hiyo, na nyumbani kwake kulikuwa mbali mno kurudi tena. Asiye na kitambulisho chochote kinachokubaliwa aombe cheti cha mpiga kura, ambacho hutolewa bure, kabla ya saa kumi na moja jioni, siku sita za kazi kabla ya uchaguzi. Mwanamke anayevaa nikabu ana haki ya kuomba sehemu ya faragha afunue uso mbele ya mhudumu wa kike.

Kituo chenyewe mara nyingi ni ukumbi wa kanisa au wa shule. Nje unaweza kumkuta mtu mwenye utepe wa chama akikuuliza namba yako ya mpiga kura. Huyo ni wakala wa chama, na hulazimiki kumjibu. Kadi ya mpiga kura iliyotumwa nyumbani kwa posta si lazima uwe nayo. Hakuna wino wa kidoleni. Kibandani kuna penseli iliyofungwa kwa uzi, na unaruhusiwa kutumia kalamu yako. Mtanzania aliyezoea kuweka alama ya vema atulie kidogo hapa, kwani utaratibu wa England ni kuweka alama ya X mbele ya jina unalolitaka, alama ambayo darasani tulifundishwa kuwa ni ya kosa. Vema haiharibu kura ikiwa nia yako inaonekana wazi. Kinachoiharibu ni kuchagua wengi kupita nafasi zilizopo, kwa hiyo soma maelezo yaliyo juu ya karatasi: kata nyingine hutaka diwani mmoja, nyingine wawili au watatu.

Anayefanya zamu za saa 12 aombe kura ya posta mapema, kabla ya saa kumi na moja jioni, siku 11 za kazi kabla ya uchaguzi. Karatasi hizo zijazwe na mwenye kura mwenyewe, kwa siri. Mume asimjazie mke, wala mzee wa jumuiya asikusanye bahasha za watu msikitini au kanisani, hata kama nia ni njema, kwa kuwa sheria ni kali kuhusu kushika kura za wengine na kuhusu kumshinikiza mtu kwa jina la dini.

Katika chaguzi za namna hii wanaojitokeza mara nyingi ni kama theluthi moja tu ya walioandikishwa, na kata nyingine huamuliwa kwa kura chache sana. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Ukitoka kazini umechelewa na kukuta foleni, ingia kwenye mstari na usiondoke, kwani aliyekwisha kuwa mstarini ifikapo saa nne lazima apewe karatasi yake.